Okello Yupi? Namna ya Kupanga Wajina wa Uganda

Ukiletewa habari yenye sentensi "Okello aliongoza mapinduzi," usiisome hewani kabla hujauliza ni Okello yupi. Wako watatu. John Okello, mtu wa Lango aliyevuka bahari kutafuta kazi visiwani, aliongoza mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 na kujipa cheo cha Field Marshal. Bazilio Olara-Okello aliongoza askari walioiangusha serikali ya Milton Obote tarehe 27 Julai 1985. Siku mbili baadaye nchi ikakabidhiwa Jenerali Tito Okello Lutwa, akaishika hadi Januari 1986 majeshi ya waasi wa NRA yalipoitwaa Kampala. Hao wawili wa mwisho ni Waacholi, walikuwa jeshi moja na waliipindua serikali moja, na hadi leo kuna wanaoandika "akina Okello" kana kwamba ni mtu na kaka yake.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kutengeneza orodha ya wajina, yaani ukurasa mmoja unaokusanya watu, kampuni, mahali na vitu vyenye jina moja, kila kimoja na sentensi yake, ili msomaji amchukue anayemtaka na kuwaacha wengine. Mhariri wa habari za Kiswahili hapa Kampala anauhitaji kila wiki. Mwanafunzi anayeandika tasnifu anauhitaji, mkutubi anauhitaji, na hata anayeandaa maswali ya chemsha bongo ya shule. Mifano yangu ni majina machache tu: Okello, Mukasa, Madhvani na Bell.

1. Jiulize jina limepatikanaje

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Fomu zetu zina kisanduku cha jina la ukoo, na kitambulisho cha taifa nacho kinacho, kwa hiyo mgeni huamini kwamba baba, mke na watoto wote wamejaza neno lilelile. Chukua familia inayojulikana na kila mtu nchini uone. Rais ni Yoweri Kaguta Museveni. Kaguta ni jina la baba yake. Museveni limetokana na Abaseveni, yaani askari wa kikosi cha saba cha King's African Rifles, na mwaka 2020 aliongeza rasmi jina la Tibuhaburwa. Mdogo wake ni Jenerali Salim Saleh, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Caleb Akandwanaho. Mwanawe ni Jenerali Muhoozi Kainerugaba. Mke wake, Janet Kataha, ndiye anayetumia Museveni. Mtu akiitafuta familia hiyo kwa jina moja atampata baba na mama, mdogo mtu na mtoto watampita.

Sasa geuza upande wa pili. Kwa Waacholi, Walango na Jopadhola, Okello ni mtoto wa kiume anayefuata baada ya mapacha, na akiwa wa kike ni Akello. Waluo wa Kenya wanalo vilevile. Penye mapacha basi tegemea Okello au Akello nyuma yao, iwe Gulu, Lira, Tororo au Kisumu, na hakuna haja ya kuwa na babu mmoja. Buganda wana utaratibu kama huo: mapacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato, na anayewafuata ni Kizza. Orodha ya akina Okello au akina Kizza ni orodha ya watoto waliozaliwa baada ya mapacha. Usiipe kichwa cha habari "Ukoo wa Okello," maana ukoo huo haupo.

Mukasa ni habari nyingine tena. Huyo kwanza ni lubaale, yaani mungu wa jadi wa Baganda, wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe katika visiwa vya Ssese, na watu wa koo mbalimbali wamepewa jina lake. Majina mengi ya Kiganda hukutajia ukoo wa mtu papo hapo, na ndiyo maana wazee wakisikia jina lako wanajua muziro wako, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo wako una mwiko nacho, kabla hujakaa. Lakini majina ya mapacha na ya balubaale huvuka koo. Ukitaka kujua kama Mukasa huyu na Mukasa yule ni ndugu, uliza kika chao, yaani ukoo wao wa Kiganda. Jina halitakusaidia.

Halafu kuna majina ya familia kwa maana ile ya fomu: yanatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kizazi baada ya kizazi. Ya Wahindi na ya Wazungu mengi ni hivyo. Hata hapa angalia jinsi jina lilivyo adimu au lilivyoenea. Madhvani ni jina la watu wachache, na ukilikuta Jinja au London una sababu nzuri ya kudhani ni familia ileile. Mehta ni jina lililoenea sana magharibi ya India. Nanji Kalidas Mehta aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924 alitoka upande wa Porbandar. Zubin Mehta, mwongoza okestra aliyezaliwa Bombay mwaka 1936, ni Mparsi. Waweke ukurasa mmoja, lakini usiwape hata nusu neno la kuwaunganisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la kwanza kwenye orodha, andika juu ya karatasi moja kati ya maneno haya: la kuzaliwa, la kika, la lubaale, la familia, la utani. Neno hilo ndilo litakalokuongoza kila utakaposhawishika kuandika "jamaa yake."

2. Kusanya majina kamili, kwa tahajia zote

Uganda tunataja jina la nyumbani kwanza. Orodha za darasani huandikwa OKELLO JOHN, lakini ukifika uwanja wa ndege unakuwa John Okello. Wote wawili ni mtu mmoja. Kuna na mtu kama mshairi Okello Oculi, mzaliwa wa Lango, ambaye Okello limekaa mbele na Oculi nyuma. Kwenye maktaba moja utamkuta chini ya herufi O akifuata Okello, kwenye nyingine chini ya Oculi. Mwandike mara moja, na kwenye sehemu ya pili weka mshale wa kumrudisha msomaji.

Majina ya katikati msiyapuuze. Lutwa ndilo linalomtenga Tito na Bazilio, na wengi kaskazini humwita Lutwa tu. Olara-Okello lina kistari. Ukikiondoa, mtu atadhani Olara ni jina la kwanza, na Bazilio atakuwa amepotea. Mwanasiasa Henry Oryem Okello, waziri wa nchi wa mambo ya nje kwa miaka mingi, ni mtoto wa Tito, na hapa ndipo unapopata Okello aliyelirithi jina kutoka kwa baba kama Wazungu wafanyavyo. Kwa hiyo hata katika jina la kuzaliwa, udugu unaweza kuwepo. Unauandika pale tu unapoujua kwa njia nyingine.

Tahajia nayo ina mambo. Luganda huandika konsonanti mbili mahali ambapo vitabu vya zamani viliandika moja: Apolo Kaggwa, katikkiro (waziri mkuu) maarufu wa Buganda, utamkuta pia kama Kagwa. Muteesa ameandikwa Mutesa na hata Mtesa. Kwa Kiacholi, Ocen na Ochen ni kitu kimoja. Mimi hutafuta kila jina kwa tahajia tatu kabla ya kusema halipo. Ukitumia kompyuta, weka kisanduku cha tahajia nyingine pembeni, usizibadilishe kwenye nukuu.

Wanawake husahaulika katika hatua hii kuliko nyingine zote, kwa sababu majina yao hubadilika kwa herufi moja au silabi moja. Orodha ya Okello isiyo na kiungo cha kwenda kwa Akello imekatwa nusu. Anayetafuta watoto waliofuata mapacha atawakuta wavulana tu, na mtu kama Grace Akello, mwanasiasa na mshairi, hatakuwepo. Weka mstari mmoja chini: "Tazama pia Akello." Fanya hivyo pia kwa Mukasa na Namukasa.

3. Kadi moja kwa mwenye jina mmoja

Tumia kadi za karatasi, daftari, au jedwali la kompyuta, ni hiari yako. Sheria ni moja: kadi moja, kiumbe kimoja. Kadi iwe na jina kamili, miaka, mahali, kazi, na jambo moja ambalo mwingine mwenye jina hilo hawezi kudai kuwa lake. Hilo la mwisho ndilo moyo wa kadi.

Nitakuonyesha akina Mukasa niliowapanga.

Mukasa, lubaale. Ziwa Nalubaale (Victoria), hekalu Bubembe, visiwa vya Ssese.

Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mhudumu wa kasri la Kabaka Mwanga, kiongozi wa Wakatoliki wa kasri. Aliuawa 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda.

Mukasa Kiriwawanvu. Mhudumu wa kasri, shahidi. Alichomwa moto Namugongo 3 Juni 1886.

Ham Mukasa. Mwandishi na chifu wa Buganda. Alisafiri na Apolo Kaggwa kwenda Uingereza mwaka 1902 kwa sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akiwa katibu wake, na akaandika habari za safari hiyo.

Reuben Mukasa, anayejulikana zaidi kwa jina la Spartas. Mwaka 1929 alianzisha kanisa la Waafrika lililofuata Uorthodoksi wa Kigiriki.

Angalia kadi ya pili na ya tatu. Wote wawili ni Mukasa, wote walihudumu kasri moja chini ya mfalme mmoja, na wote wamo kati ya Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Ukiandika "Mukasa, shahidi wa Uganda, mhudumu wa Mwanga," umewaandika wote wawili kwa sentensi moja na hujamwandika hata mmoja. Kinachowatenga ni tarehe na mahali. Mmoja alikufa Novemba 1885, kabla ya mauaji makubwa kuanza. Mwingine alikufa Namugongo siku ileile ambayo mahujaji huikumbuka kila mwaka.

Neno "maarufu" liondoe kwenye kadi zako. Halimtengi mtu na mwenzake, kwa sababu usingemwandikia kadi kama hakuna anayemtafuta. "Mzalendo" nalo liondoe.

Kaggwa anastahili onyo lake fupi. Andrea Kaggwa ni shahidi aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Apolo Kaggwa ni katikkiro aliyeishi miongo minne baada ya hapo. Nimesikiliza mahubiri ya redioni yaliyomuua Apolo.

4. Kutoka kwa mtu hadi kwenye kampuni

Kampuni yenye jina la mtu ipe kadi yake. Mtu hufa, kampuni huendelea, huuzwa, hunyang'anywa na kurudishwa, na ukiviandika kwenye kadi moja tarehe zitagongana.

Mfano mzuri uko Busoga. Muljibhai Madhvani alikuja Uganda akiwa kijana mdogo mwanzoni mwa karne ya 20, akafanya biashara ya duka, kisha akaanzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Alifariki mwaka 1958. Hiyo ni kadi ya kwanza. Kadi ya pili ni kundi la kampuni za Madhvani, ambalo wakati Idi Amin anawafukuza Waasia mwaka 1972 lilikuwa miongoni mwa makubwa zaidi nchini, likataifishwa, na miaka ya 1980 familia ikarudi na kuanza kulifufua. Kadi ya tatu ni wakfu wenye jina la Muljibhai Madhvani, unaowasomesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Vijana wengi wa Uganda wanamjua Madhvani kwa njia hiyo tu, kama jina lililo juu ya fomu ya kuomba ufadhili. Manubhai Madhvani, aliyefungwa na serikali ya Amin mwaka huo wa 1972 kabla ya kuondoka nchini, ana kadi yake. Na Mumtaz, nyota wa filamu za Kihindi wa miaka ya 1960 na 1970, aliolewa na Mayur Madhvani mwaka 1974, kwa hiyo naye anaingia kwenye orodha, ingawa filamu zake zote kubwa alizicheza bila jina hilo. Mimi ningemweka, nikiandika jina lake la kazi kwanza. Msomaji anayemtafuta anamjua kama Mumtaz.

Halafu zipo kampuni zenye jina linalofanana na la mtu kumbe si la ukoo wake. Kundi la Mukwano, lenye sabuni na mafuta ya kupikia yaliyojaa kwenye rafu za maduka, ni la familia ya Karmali. Hakuna Bwana Mukwano kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwandike Karmali kwenye K, na Mukwano kwenye M kama jina la biashara, na kila upande uutaje mwingine.

Mahali pia huzaa wajina. Soko la Owino, ambalo kila aliyewahi kununua mitumba Kampala amesukumwa ndani yake, jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, na liko Nakivubo, eneo ambako Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa. Hilo ni jina lililotoka kwa mtu likaingia sokoni. Kwenye orodha ya Balikuddembe utakuwa na viumbe viwili, mtakatifu na soko. Usiwafanye wauza viatu wa Owino wawe wanafunzi wa seminari.

5. Vitu, milima na chupa

Hapa ndipo orodha inapochangamka, na ndipo jina Bell linapokuja.

Muulize mtu yeyote Luzira Bell ni nini, atakuonyesha chupa. Bia ya Bell hutengenezwa na Uganda Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946, na kiwanda chake kiko Luzira, kando ya Port Bell. Bia imeitwa kwa jina la bandari. Bandari nayo imeitwa kwa jina la Sir Henry Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia mwaka 1906 hadi 1909. Kazi anayokumbukwa nayo zaidi ni kuwaondoa watu kwenye fukwe za ziwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, uliokuwa umeua maelfu kwa maelfu. Mtu aliyehamisha watu ufukweni akapewa bandari ya ufukweni! Mambo kama hayo ndiyo yanayonifanya niipende kazi hii.

Kwa hiyo upande wa Uganda una kadi tatu zenye mshipi mmoja: mtu, bandari, bia. Zipange kwa utaratibu huo wa kuzaana, kwa sababu msomaji akiona bia kabla ya bandari atadhani mwenye kiwanda aliitwa Bell.

Sasa toka nje ya Uganda, na hapa mshipi unakatika. Alexander Graham Bell alizaliwa Edinburgh mwaka 1847 na akapata hataza ya simu mwaka 1876. Kutoka kwake kuna kampuni ya simu ya Bell, kisha maabara za Bell ambako transista ilibuniwa mwaka 1947, na kuna kipimo cha sauti, beli na desibeli, kilichopewa jina lake kikapunguzwa herufi moja. Lawrence Bell ni mwingine: kampuni yake ya ndege ilitengeneza Bell X-1, ndege ya kwanza yenye rubani kupita kasi ya sauti ikiruka mlalo, Oktoba 1947. Helikopta za Bell ni za kampuni hiyo, si za mtu wa simu. Mwaka mmoja, 1947, jina moja, vitu viwili vikubwa vya teknolojia, familia mbili. Ukitegemea mwaka peke yake utachanganya, kwa hiyo weka mwaka pamoja na kazi.

Wanasayansi wawili wa Ireland ya Kaskazini wanatatiza vivyo hivyo. John Stewart Bell aliandika nadharia yake ya fizikia ya kwanta mwaka 1964. Jocelyn Bell Burnell aligundua nyota za pulsari mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, wakati huo akiitwa Jocelyn Bell. Burnell lilikuja na ndoa. Mweke chini ya majina yote mawili.

Mwisho wa kundi hili wapo Bell wasio Bell na Bell wanaodhaniwa si mtu. Wale dada watatu wa Brontë wa Uingereza walitoa mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya bandia: Currer, Ellis na Acton Bell. Waandike, ukiweka neno "jina la bandia." Na mgahawa wa Taco Bell, ambao nembo yake ni kengele, umepewa jina la mwanzilishi wake, Glen Bell, aliyeufungua mwaka 1962. Picha imewapotosha wengi.

Milima ya Rwenzori ina somo lake. Vilele vyake vina majina ya Stanley, Speke na Baker, watu waliosafiri huku karne ya 19. Mlima Baker wa Rwenzori una mita 4,844 na ni wa Samuel Baker, yule aliyelifikia Ziwa Albert mwaka 1864. Lakini jimbo la Washington, Marekani, lina Mlima Baker wake, wa mtu mwingine kabisa, Joseph Baker, mwanamaji. Ukiandika mlima, andika na nchi.

6. Hakiki kabla ya kuchapisha

Kwa kampuni za Uganda, nenda kwenye ofisi ya usajili wa biashara, URSB. Huko kuna rejista ya kampuni, ya majina ya biashara na ya alama za biashara, nazo ni vitu vitatu tofauti. Jina la dukani linaweza kuwa alama tu, wakati kampuni iliyosajiliwa ina jina lingine. Kwa watu waliobadilisha majina, kuna hati ya kubadili jina, na tangazo lake hutolewa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa mambo ya zamani, maktaba ya Uganda Society, ndani ya jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kira Road, ina jarida lao lililoanza mwaka 1934. Makerere utapata magazeti ya zamani, likiwemo Uganda Argus.

Wazee ni chanzo, na mara nyingi ni chanzo kizuri kuliko karatasi kwa habari za kika na mahali pa kuzaliwa. Kwa tarehe, tafuta karatasi. Mzee atakuambia fulani alizaliwa mwaka wa nzige, na wewe utalazimika kutafuta ni nzige wa mwaka gani.

Taarifa ikitoka chanzo kimoja tu, na chanzo hicho hakisemi imetoka wapi, iache kwenye kadi kwa kalamu ya risasi. Isiingie kwenye ukurasa.

Na usijaze orodha kwa watu binafsi. Kuna akina John Okello wengi ambao ni walimu, mafundi na madereva. Hawajaomba kutafutwa, na namba zao za simu hazina kazi kwenye ukurasa wako. Anayeingia ni yule ambaye kazi yake au cheo chake kilimweka hadharani.

7. Panga na andika

Hapa hakuna mengi. Majina machache, panga kwa alfabeti ya jina la kwanza. Yakizidi ishirini, gawa: watu, mahali, kampuni, vitu. Ndani ya watu gawa kwa kazi, maana msomaji anayemtafuta Okello wa soka hataki kupitia majenerali. Sentensi moja kwa kila mmoja, isizidi mistari miwili. Utaratibu wangu ni jina, mwaka, kazi, mahali, tendo:

"Tito Okello Lutwa (1914–1996), mwanajeshi wa Uganda kutoka Acholi, mkuu wa nchi kuanzia Julai 1985 hadi Januari 1986."

"Bazilio Olara-Okello (1929–1990), mwanajeshi wa Uganda, aliongoza mapinduzi ya 27 Julai 1985 na kushika nchi kwa siku mbili."

"John Okello, mzaliwa wa Lango, kiongozi wa mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964."

Kwa huyo wa tatu sikuweka miaka ya kuzaliwa na kufa, na hilo linaruhusiwa. Nafasi tupu ni afadhali kuliko tarehe ya kubahatisha, kwa sababu watakaonakili ukurasa wako wataibeba tarehe hiyo hadi Dodoma.

Walio hai waandike kwa namna isiyochakaa. Allan Okello, mchezaji wa soka aliyezaliwa mwaka 2000, usimwandikie "anachezea" timu fulani. Dirisha la usajili likifungwa, ukurasa wako umekuwa wa uongo. Andika "aliyekulia KCCA na kwenda Paradou ya Algeria mwaka 2020," kisha ongeza timu nyingine kila moja na mwaka wake. Mawaziri nao ni hivyohivyo: weka wizara na mwaka wa kuteuliwa, na tarehe ya mara ya mwisho ulipoupitia ukurasa iandike chini kabisa, pembeni ya jina lako.